Nafsi, Kitenzi na Kihusishi: Kiingereza cha Kansanga na Sarufi Iliyo Nyuma Yake

"All students should avail themselves at 8:30 a.m. without fail." Tangazo la namna hii ni la kawaida kwenye mbao za matangazo za Kampala, na Kansanga, mtaa uliojipanga kando ya barabara ya Ggaba katika divisheni ya Makindye, haujasalimika. Kila anayelisoma analielewa: fikeni saa mbili na nusu asubuhi, asikosekane mtu. Mwingereza, kwa upande wake, atalisoma mara mbili. Kwake yeye "avail oneself" hudai kihusishi "of" na kitu cha kutumiwa baada yake. Mtu "avails himself of an opportunity", yaani anaitumia fursa aliyoipata. Katika tangazo letu fursa haipo, "of" haipo, na mahali pake pamewekwa saa.

Wengi watasema hilo ni kosa na mjadala ufungwe. Mimi naona tangazo lina sarufi nzuri tu, ila sarufi yenyewe ni ya Kibantu. Lirudishe kwenye Kiswahili: "wanafunzi wote wajitokeze saa mbili na nusu." Halina doa. Kitenzi "kujitokeza" kina nafsi ndani yake, hakihitaji kihusishi, na kikifuatwa na saa au mahali kinatosheka. Mwandishi alichofanya ni kukipa "avail" kazi ya "jitokeza".

Kansanga ni mahali pazuri pa kuchunguzia jambo hili. Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala, KIU, kilianza hapa mwaka 2001, na kwa miaka yote hii kimevuta wanafunzi kutoka Tanzania, Kenya na nchi nyingine jirani. Darasani lugha ni Kiingereza. Sokoni, kwa muuza rolex (chapati iliyokunjwa na mayai) na kwa bodaboda, Kiganda. Hosteli Kiswahili kinatawala kila wanapokutana Mtanzania, Mkenya na Mkongo. Kisheria nako Kiswahili kina nafasi: marekebisho ya Katiba ya Uganda ya mwaka 2005 yalikitaja kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaridhia kukitekeleza kama lugha rasmi kufuatia agizo la Jumuiya ya Afrika Mashariki. Sarufi tatu zinakutana hapa, na mbili kati yake ni ndugu.

Undugu huo unaonekana wazi kwa mtu aliyefungua vitabu viwili vya E. O. Ashton: sarufi ya Kiswahili ya mwaka 1944, na sarufi ya Kiganda ya mwaka 1954 aliyoiandika pamoja na Mulira, Ndawula na Tucker. Lugha zote mbili huibeba nafsi inayojirejea kwa kiambishi kimoja kifupi kinachokaa kabla ya mzizi wa kitenzi. Kiswahili kina "ji": linda, jilinda, andaa, jiandaa. Kiganda kina "e" ndefu: okukuuma ni kulinda, okwekuuma ni kujilinda, okuteekateeka ni kuandaa, okweteekateeka ni kujiandaa. Kiambishi hakibadiliki. Najilinda, unajilinda, wanajilinda: mtenda hubadilika, "ji" inabaki palepale.

Kiingereza hakina raha hiyo. Lazima uchague kati ya "myself", "yourself", "himself", "herself", "itself", "ourselves", "yourselves", "themselves" na "oneself", na hata ndani ya orodha hiyo hakuna utaratibu mmoja. "Myself" na "ourselves" zimejengwa kwa kimilikishi, lakini "himself" na "themselves" zimejengwa kwa umbo la yambwa. Mwanafunzi anayeandika "hisself" au "theirselves" ametumia akili. Lugha ndiyo iliyomwangusha, na zipo lahaja za Kiingereza huko huko kwao zinazosema hivyo hivyo. Ongeza hapo jinsia ya mtu, kitu ambacho viwakilishi vyetu havikijui, na utapata sentensi ya aina ya "My mother prides himself in farming". Katika sentensi hiyo fupi makosa ni mawili, na hilo la pili nitalirudia.

Nafsi ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni kile ambacho kihusishi cha Kiingereza hufanya na ambacho sisi hukifanya mwishoni mwa kitenzi, kwa kauli ya kutendea. Soma, somea, jisomea. Ona, onea, jionea. Pakua, pakulia, jipakulia. Kiganda hufanya vilevile kwa "ira" na "era": okusoma, okwesomera. Kwa hiyo neno moja kama "amejionea" lina mtenda, wakati, nafsi inayojirejea, tendo na uhusiano, vyote vimeshonwa pamoja. Kiingereza kinatawanya: "he has seen it for himself". Kila kipande kina sheria zake, na mtu aliyezoea kuvishona pamoja hajui kimoja kikidondoka atakitafutia wapi.

Mfano wa mezani unatosha. Mwenyeji wa Kiingereza humwambia mgeni "help yourself to some rice". Atakayetafsiri kipande kwa kipande atapata "jisaidie", na mgeni wa Kiswahili atauliza choo kiko wapi. Tunachosema ni "karibu, jipakulie wali". Kiingereza kimechukua kitenzi cha kusaidia, kikaongeza nafsi na "to", na kutoka hapo maana mpya ikazaliwa ambayo haimo katika neno lolote kati ya hayo matatu. Vivyo hivyo Kiswahili kilipokipa "saidia" kiambishi "ji" kilipata maana ya faragha ambayo Mwingereza hawezi kuibahatisha. Na mtu asijidanganye kwamba "they helped themselves" ni "walisaidiana". Hiyo ni "they helped each other". Ya kwanza, kama hakuna meza ya chakula karibu, inaweza kumaanisha waliiba.

Makosa basi hutokea wapi? Hayatokei kila mahali, na hapa ndipo uchambuzi unapomfaa mtu kuliko kukariri. Eneo la kwanza ni vitenzi vyetu vyenye "ji" ambavyo Kiingereza chake hakina "self". Kujifunza ni "learn" tu. Kujiunga na chuo ni "join", bila "self" na bila kihusishi. Kujitolea ni "volunteer", kujitahidi ni "try hard", kujisikia vibaya ni "feel bad". Mwanafunzi anayesema "I feel myself bad" ameitoa "ji" hosteli akaipeleka darasani. "I taught myself English" ipo, lakini maana yake ni kwamba hukuwa na mwalimu. Kwa Kiswahili tungelazimika kusema "nilijifunza mwenyewe", kwa sababu "ji" ya kujifunza imeshachoka na haitoi tena taarifa hiyo.

Kitenzi hatari kuliko vyote katika kundi hili ni kujiuzulu. Kuuzulu ni kumwondoa mtu madarakani, kwa hiyo kujiuzulu ni kujiondoa wewe mwenyewe. Mantiki hiyo inamvuta mtu kuandika "I resign myself from the post of treasurer". Kiingereza kina "resign from", kuacha cheo. Kina pia "resign oneself to", ambayo ni kukata tamaa na kukubali yaishe: "he resigned himself to losing the election". Sentensi ile inachanganya mawili yaliyo kinyume, kwa sababu mmoja anaondoka na mwingine anabaki na kuvumilia. Hapa "self" na kihusishi si mapambo. Ndivyo vinavyobeba maana, na kitenzi chenyewe kimebaki mpokeaji tu. Ndivyo ilivyo pia kwa "apply for a job", kuomba kazi, na "apply oneself to a job", kuifanya kwa bidii. Wako wanaoomba wasiojituma, na Kiingereza kinaweza kulisema hilo kwa kitenzi kimoja.

Eneo la pili ni vitenzi vya mwili: "wash", "shave", "dress". Hapa hatusumbuki sana. Kuoga, kuvaa, na okunaaba ya Kiganda, havihitaji kiambishi cha kujirejea, na "he washed and dressed" pia haihitaji. Ukiongeza "himself" unaongeza habari: huenda ni mtoto aliyeanza kujimudu, au mgonjwa anayepata nafuu. Tofauti hiyo haina budi kufundishwa, kisha mwalimu aendelee mbele.

Eneo la tatu ndilo gumu. Kuna vitenzi vya Kiingereza ambavyo bila "self" havisimami kabisa: "pride oneself on", "avail oneself of", "absent oneself from", "ingratiate oneself with", "perjure oneself". Vingi vyake kwetu ni vitenzi vya kawaida: kukosa shule hakuna "ji", kwa hiyo ripoti za shule hujaa "he absented from class". Vingine vinalingana nasi kwa "ji" lakini vinatuacha kwenye kihusishi. Mfano wake ni ile sentensi ya mama na kilimo. Kwa Kiswahili mtu anajivunia kilimo, na kauli ya kutendea imemaliza kazi. Kwa Kiingereza mzizi mmoja wa fahari una vihusishi vitatu: ukiwa kivumishi ni "proud of", ukiwa nomino ni "take pride in", ukiwa kitenzi ni "pride oneself on". Anayeandika "prides herself in" amebeba kihusishi cha nomino akakipachika kwenye kitenzi. Kosa hilo linafanywa hata na wazawa wa lugha, na mimi silihesabu kuwa zito, ila mtahini analihesabu.

Wapo walimu wanaosema vihusishi hivi havina mpangilio, vikaririwe hivyo hivyo. Si kweli, angalau si kweli yote. "From" hukaa penye utengano: "absent", "distance", "dissociate", "excuse". Kwetu ni kujitenga na, kujiepusha na, na hiyo "na" yetu ndiyo inayotupoteza, maana inamwelekeza mtu kwenye "with". Lakini "with" hukaa penye ukaribu au kushughulika: "acquaint", "busy", "concern", "identify", "content". "To" hukaa penye kujitoa au kufungwa mahali: "devote", "commit", "confine", "accustom". "In" na "into" hukaa penye kuzama: "immerse oneself in", "throw oneself into". "Of" ni mabaki ya zamani, na vitenzi vyake ni vichache: "avail", "rid", "assure". "On" ya "pride" ndiyo isiyo na jamaa wengi. Hiyo kariri.

Kwenye kundi la "to" kuna mtego mmoja mkubwa. "To" hii si ile ya "to go" na "to eat". Ni kihusishi kamili, na kinachofuata kikiwa ni tendo lazima kiwe na umbo la "ing". "She devoted herself to teaching", wala si "to teach". Kwetu zote mbili ni "kufundisha": anataka kufundisha, amejitoa kufundisha. Kwa kuwa "ku" yetu ni kitenzi na ni nomino kwa wakati mmoja, hatuoni mpaka ambao Kiingereza kimeuchora. Mwalimu akieleza hili mara moja, kwa kutumia "ku" ambayo kila mwanafunzi anaijua, atakuwa ameokoa kurasa nyingi za wino mwekundu.

Lipo jambo jingine ambalo vitabu vingi vya shule hulipita kimya. Baada ya kihusishi, lini useme "you" na lini useme "yourself"? "Look after yourself", lakini "look behind you". "She is talking to herself", lakini "she put the bag beside her". "Carry your identity card with you", na kamwe si "with yourself", ingawa hiyo ya "with yourself" inaandikwa sana. Noam Chomsky, katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1981, alitoa kanuni mashuhuri kwamba kiwakilishi cha kujirejea lazima kimpate mwenyewe ndani ya kishazi chake, na kiwakilishi cha kawaida kisimpate humo. Sentensi kama hizo za mkoba ubavuni na kutazama nyuma yako zimewapa kazi wanaisimu tangu hapo. Kwa matumizi ya kila siku jibu lisilo kamili lakini lenye msaada ni hili: kihusishi kikiwa sehemu ya kitenzi, kama "look after" au "talk to", tumia "self". Kikiwa kinaonyesha mahali tu, acha kiwakilishi cha kawaida. Kiswahili kinatufaa hapa kama kipimo. Penye "ji" kwetu, kama "jitunze", "self" inaelekea kuwapo. Penye "yako" au "yake", kama "tazama nyuma yako" na "kando yake", "self" haitakiwi.

Ipo pia misemo ya kihusishi na "self" yenye maana zake. "By myself" ni peke yangu. "For myself" ni kwa faida yangu au kwa macho yangu. "To myself" ni kimoyomoyo, au bila kugawia mtu. Hizo ni rahisi. Kinachokera zaidi ni "myself" ya barua za ofisini, "kindly contact the Secretary or myself", ambako "me" ingetosha. Hiyo haitoki kwetu, wanaiandika hata London. Ya kwetu ni ile ya mazungumzo ya Kampala, "for me I don't eat fish", ambayo "mimi, samaki sili" iko nyuma yake waziwazi, na Kiganda kina "nze" kwa kazi hiyohiyo.

Hadi hapa nimesema kana kwamba Kiingereza cha Uingereza ndicho kipimo na cha Kansanga ndicho kinachopimwa. Mambo hayaishii hapo. Panda teksi ya barabara ya Ggaba saa za jioni, abiria wanne wakibanana kwenye kiti cha watatu, utasikia "please extend". Hakuna "yourself", hakuna kihusishi, na mtu anasogea. Rafiki atakupigia akuambie "pick me at the stage", bila "up". Mwingine atakuuliza kuhusu harusi ya Jumamosi, "did you enjoy?", bila "yourself" na bila yambwa. Anayekudai atasema "I demand you fifty thousand", sawasawa na "nakudai" yetu na "nkubanja" ya Kiganda, kitenzi chenye yambwa mbili. Mambo haya yamekusanywa na kuandikiwa: Bernard Sabiti alitoa kamusi yake ya Uglish mwaka 2014, na mwaka 2016 Christiane Meierkord, Bebwa Isingoma na Saudah Namyalo wakahariri kitabu kizima cha kitaalamu juu ya Kiingereza cha Uganda.

Na "enjoy" isiyo na "self" si uasi mkubwa kama inavyodhaniwa. Kiingereza cha kale hakikuwa na kiwakilishi maalumu cha kujirejea. Kiwakilishi cha kawaida cha yambwa kilifanya kazi zote mbili, na maumbo ya "self" yalikomaa baadaye. Yalipokomaa, lugha ikaanza tena kuyaacha kwenye kitenzi kimoja baada ya kingine. Otto Jespersen, mwanasarufi wa Kidenmaki, alishaona mwelekeo huo zamani. Leo "behave" husimama vizuri bila "yourself". Anayesema "we enjoyed" Kansanga anakwenda njia hiyohiyo, ametangulia hatua moja tu. "Extend" ya kwenye teksi nayo inaeleweka, inafaa na haina madhara.

Siwezi kusema hivyo kuhusu "avail". Gazetini na kwenye hotuba za viongozi wa Afrika Mashariki kitenzi hiki sasa kina maisha matatu: "avail oneself of", kutumia fursa; "avail oneself", kujitokeza; na "the ministry will avail funds", kutoa fedha. La tatu limepoteza "self" na "of" kwa pamoja, na mtenda amegeuka kutoka mpokeaji kuwa mtoaji. Wanafunzi waliosoma "students may avail themselves of the fund" na wale waliosoma "the fund has been availed" hawana hakika nani anampa nani. Kitenzi kinapofika hapo, afadhali kiachwe. Andika "come", andika "use", andika "provide". Hakuna tangazo lililowahi kuharibika kwa kueleweka upesi.

Msimamo wangu basi ni huu. Kiingereza cha teksi na cha hosteli kisibughudhiwe. Kina kanuni zake na wenyewe wanaelewana. Barua ya kazi, tasnifu inayopelekwa kujalidiwa na mtihani ni mambo mengine, kwa sababu msomaji wake huenda yuko Nairobi, Mumbai au Edinburgh na hana "ji" wala "e" ya kumsaidia kukisia.

Kwa walimu wanaofundisha Kiingereza kwa wasema Kiswahili, ombi langu ni dogo. Msiandike "pride" ubaoni peke yake mkaweka nukta mbili na "jivuna". Andikeni "pride oneself on + ing" upande mmoja na "kujivunia" upande wa pili, mwanafunzi aone vipande vingapi vinakuwa neno moja. Na ninyi watunzi wa kamusi, tangu Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ilipotoa Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili mwaka 1996 ni miaka mingi. Toleo jipya la kitabu chochote cha namna hiyo lioneshe kila kitenzi pamoja na nafsi na kihusishi chake, kwa herufi nzito, mwanzoni kabisa mwa kidahizo.